Msanii Mwanafunzi na Kozi Asizozipenda

Ratiba ya mwaka wa kwanza ikibandikwa, mwanafunzi wa sanaa huisoma kama mtu anayesomewa hukumu. Alikuja chuoni kuchora, kuchonga, kuigiza au kupiga zeze. Anakuta Stadi za Maendeleo, Stadi za Mawasiliano, utangulizi wa falsafa, historia ya Afrika. Afanyeje? Anakaa viti vya nyuma, anachora kisogo cha aliye mbele yake, wiki ya mwisho anasaka madesa ya waliotangulia, anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Akiponea chupuchupu kupata sapu anamshukuru Mungu na kurudi studioni.

Simlaumu sana. Kozi hizi mara nyingi hufundishwa kana kwamba wanaosikiliza hawana mikono. Mhadhiri wa historia haingii studio, na mwalimu wa uchongaji hamuulizi mwanafunzi anasoma kitabu gani. Kazi ya kuunganisha pande hizo mbili imeachwa kwa kijana ambaye hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi yake.

Haya basi ni maelekezo ya namna ya kuifanya. Wakuu wa vyuo hupenda kusema kwamba masomo mapana hupanua akili. Huenda ni kweli, lakini kauli hiyo haimsaidii mtu mwenye udongo mikononi na kazi ya kukabidhi Ijumaa. Historia, fasihi, falsafa, hesabu na sayansi humfaa msanii pale anapovilazimisha viingie katika kitu anachokitengeneza sasa hivi. Kozi isiyoacha alama yoyote katika daftari lako la michoro imepita bure, hata kama umepata A.

Mfano wa Kilwa

Mwanafunzi anayetaka kuona jambo hili likifanyika na asome *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Asiisome kama kitabu cha mtihani wa kidato cha sita. Aisome kama fundi anayechungulia karakana ya fundi mwenzake.

Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa kijana wa miaka ya ishirini aliyesomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuoni hapohapo, miaka hiyohiyo, wanahistoria walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mmoja wao, Gilbert Gwassa, alikwenda kwa wazee wa kusini, kwa Wamatumbi na majirani zao, akauliza nani alikwenda Ngarambe kuchukua maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalichanganywa na nini, nani aling'oa pamba ya kwanza. Mwandishi wa tamthilia alikuta kisima kimechimbwa na watu wa idara nyingine, akachota.

Sasa tazama alichokifanya na alichokichota. Kinjikitile Ngwale wa historia, yule mganga wa Ngarambe aliyegawa maji hayo, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Mtu wa jukwaani ni mwingine, na Hussein mwenyewe alisema wazi kwamba wa jukwaani si yule wa historia. Huyu wa jukwaani anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe. Limewaunganisha watu ambao jana walikuwa hawaaminiani. Je, aseme kwamba maji hayazuii risasi, umoja uvunjike, au anyamaze, watu wafe? Hilo ni swali la falsafa, la maadili ya uongozi, na lingeweza kuulizwa darasani kwa maneno makavu mbele ya watu wanaosinzia. Jukwaani linamwasha mtazamaji kwa sababu limepewa mwili, jina na kamba shingoni.

Historia ilimpa tukio, na falsafa ikampa mvutano. Mtindo wa mazungumzo na mpangilio wa maonyesho vilitoka kwenye mafunzo yake ya jukwaa. Toa kimoja uone kinachobaki: bila falsafa unapata igizo la sikukuu ya kitaifa ambamo watu weusi wazuri wanapigana na watu weupe wabaya mpaka pazia linafungwa. Maigizo ya namna hiyo tunayo ya kutosha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta kisima kilichochimbwa na wengine hapo chuoni kwako. Nenda kwenye ubao wa matangazo wa idara ya historia, ya sosholojia, ya misitu, ya lugha. Soma vichwa vya semina zao. Uliza tasnifu za wanafunzi wa uzamili zinawekwa wapi. Kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna sehemu ya East Africana ambayo wanafunzi wengi wa sanaa humaliza miaka mitatu bila kuuona mlango wake. Tasnifu nyingi huko zimesomwa na watu wachache mno: mwandishi, msimamizi na watahini. Wewe uwe msomaji anayefuata, na uwe wa kwanza kuigeuza kuwa kitu cha kutazamwa.

Kutoka ukurasa wa kushoto kwenda wa kulia

Hatua ya pili ni ya daftari. Chukua daftari kubwa lisilo na mistari. Ukurasa wa kushoto uandike ulichokisoma au kusikia: jambo, mahali, mwaka, nani kasema. Wa kulia uwe wa mkono: mchoro, rangi, nota, mpangilio wa miguu ya mcheza ngoma, chochote. Sharti ni moja, ukurasa wa kulia usibaki mtupu. Ukikosa cha kuchora kutokana na ulichokisoma, ama umesoma bila kuelewa, ama umechukua jambo la jumla mno. Rudi utafute kitu kinachoshikika.

Nitoe mfano. Tuseme umetoka Tanga na unataka kufanya kazi juu ya mkonge. Mada hiyo bado ni pana, na ukianza kuchora hapo utatoa shamba lenye mistari na jua linalozama. Soma kwanza. Utakuta kwamba mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida. Utakuta manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali na kuhesabiwa kwa namba. Halafu utakuta kipande: kadi ya kibarua yenye nafasi thelathini, moja kwa kila siku ya kazi, na mshahara haukukamilika mpaka nafasi zote zijae. Siku uliyougua haikuwekwa alama.

Hapo mkono unaanza kuwasha. Nafasi thelathini ni gridi. Mfumaji anaweza kufuma vipande thelathini vya nyuzi za mkonge, vingine vimejaa, vingine vina matundu. Mpiga chapa anaweza kuchonga kibao kimoja cha muhuri na kukipiga mara thelathini mpaka wino ufifie. Mwanamuziki ana mzunguko wa mapigo thelathini, na mapigo yanayokosekana ndiyo siku za homa. Yote hayo hayakuwemo kwenye neno "mkonge". Yalikuwa yamelala kwenye kitabu cha historia ya uchumi, katika sura ambayo mwanafunzi wa sanaa angeiruka.

Ukiwa na tukio, usitegemee chanzo kimoja. Tafuta kitabu cha mwanahistoria, tafuta karatasi ya wakati uleule, kisha tafuta sauti ya mtu. Karatasi zipo Nyaraka za Taifa pale Upanga, na kwa Zanzibar zipo Nyaraka za Kilimani. Nenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni, penseli badala ya kalamu ya wino, na subira. Vyanzo vitatu havitakubaliana, na penye ugomvi wao ndipo kazi yako itakapopata uhai.

Kuna faida nyingine ya kusoma hivi ambayo ni ya aibu zaidi: utaacha kuchekesha. Mbunifu wa mavazi asiyesoma atawavika wapiganaji wa Maji Maji vitenge vya duka la leo, wakati watu wa enzi hiyo walijua kaniki na merikani. Watazamaji wengi hawatagundua. Bibi mmoja aliyekaa mstari wa tatu atagundua, naye ndiye ungetaka akuamini.

Kozi ya lazima uipe kazi

Tuje kwenye somo linalochukiwa kuliko yote, lile la maendeleo. Mbinu hapa ni ya kijanja kidogo, lakini ni halali.

Mwanzoni mwa muhula, kabla hujapewa swali la insha, chagua jambo moja ambalo utalifuata katika kozi zote kwa muhula mzima. Tuseme ni mitumba, kwa sababu unasomea nguo na ubunifu. Kwenye Stadi za Maendeleo utaandika juu ya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, na kilichotokea kwa viwanda vya nguo soko lilipofunguliwa miaka ya 1980. Ukifika mbele utakutana na uamuzi wa viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2016 wa kuondoa mitumba sokoni kufikia 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na kusimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Kwenye Stadi za Mawasiliano utafanya mahojiano na wauzaji wa masoko ya Karume au Gikomba na kuyaandika vizuri. Kwenye falsafa utauliza kama zawadi inaweza kumdhuru anayepewa, na kama kitu ulichokiuza kwa kilo bado ni zawadi. Kwenye studio utakuwa unashona.

Kufikia wiki ya kumi una kazi ya sanaa yenye mizizi, na insha tatu ambazo hukuziandika kwa kukariri. Mhadhiri akitoa maswali yasiyokaribia jambo lako, mfuate ofisini mapema, umsalimie kwa adabu, umwombe akuruhusu uchukue mfano wako kutoka kwenye nguo. Wahadhiri wengi hukubali. Wamechoka kusahihisha insha mia mbili zinazofanana. Angalizo moja tu: usikabidhi insha ileile katika kozi mbili. Jambo liwe moja, maandishi yawe mbalimbali. Vyuo huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na vina haki.

Kwa wanafunzi wa Kenya walioingia sekondari ya juu kwenye mkondo wa sanaa na michezo, mbinu ni hiyohiyo kwa ukubwa mdogo zaidi. Kiswahili, Kiingereza na lile somo la huduma kwa jamii haviko kando ya mkondo wenu. Huduma kwa jamii hasa ni mlango wazi: mchoro wa ukutani kwenye zahanati unahitaji kujua nani anaingia pale, anasoma lugha gani, na anaogopa nini.

"Mbona Tingatinga hakusoma?"

Swali hili huulizwa kila mara, na mwenye kuuliza hudhani amemaliza mjadala. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya madukani juu ya mbao za dari, na alifariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. George Lilanga alifika Nyumba ya Sanaa na kupewa kazi ya ulinzi kabla kazi zake hazijaanza kusafiri dunia. Wachongaji wa Kimakonde waliotoa mitindo ya shetani na ujamaa hawakukaa kwenye kozi ya falsafa ya mtu yeyote.

Ni kweli hawakukaa. Lakini usikimbilie kusema hawakufundishwa. Kijana wa Kimakonde aliyepita jandoni alifundishwa historia ya ukoo, utani, sheria za ndoa, nyimbo, na maana ya mapiko, zile barakoa ambazo mchezaji wake hajulikani ni nani. Alikua akisikia habari za viumbe wa porini usiku baada ya usiku. Alipokaa mbele ya gogo la mpingo alikuwa na fasihi, dini na elimu ya jamii tayari kichwani, tena kwa undani ambao mihadhara ya muhula mmoja haiwezi kuufikia. Umbo la shetani lenye jicho moja na viungo vilivyojipinda lilitoka huko. Profesa Penina Mlama, katika utafiti wake wa uzamivu wa mwaka 1983 juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru, alizichunguza sanaa hizo kama chombo cha kufundishia. Kwa maneno mengine, sanaa na elimu pana vilikuwa chini ya paa moja.

Wewe uliyekulia Sinza au Kasarani, ukasoma bweni, ukaoneshwa katuni za Japani, huna jando la namna hiyo. Una maktaba, una kozi, una simu. Kinachosikitisha ni kuona kijana asiye na elimu ya Tingatinga wala ya darasani, mwenye mkono mzuri tu, akikaa kando ya barabara kunakili twiga wale wale walionakiliwa na kaka yake. Mkono wake hauna kasoro. Anachokosa ni cha kuuambia mkono huo, na mtalii akipungua, biashara inakufa.

Na mazingira unayochorea nayo yanadai elimu. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alichora michoro ya ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, akiyaweka maisha ya Yesu katika mandhari ya Wakikuyu. Vita vya Mau Mau vilikuwa ndiyo kwanza vinatulia. Kanisa lenyewe lilikuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa, na nje ya milango yake kulikuwa na familia zilizopoteza watu upande mwingine. Kuamua mtoto azaliwe kwenye boma la nani, na nani asimame karibu yake, kulihitaji Biblia, kulihitaji kujua nyumba za wenyeji zinavyojengwa, na kulihitaji kuelewa siasa ya mahali kabla brashi haijagusa ukuta.

Kanga, mlango na gogo

Nirudi kwenye mikono. Zoezi ninalolipenda kwa wanafunzi wa ubunifu ni la doti ya kanga. Iweke mezani na uisome mara tatu. Kwanza isome kama mbunifu: pindo limezunguka pande nne, mji umekaa katikati, jina liko chini ya mji, pima upana wa pindo dhidi ya upana wa nguo, tafuta pale muundo unapojirudia. Kisha isome kama mtu wa fasihi: jina ni methali, fumbo, dua au kijembe? Anayesema ni nani, na anayeambiwa ni nani? Kanga yenye kijembe inabadilika maana kulingana na nani anaivaa na anapita mbele ya mlango wa nani. Mwishowe isome kama mfanyabiashara: imechapwa wapi, imefikaje hapa, kwa nini ile yenye maua yaleyale na jina jingine imebaki dukani. Ukimaliza, buni yako. Utashangaa kugundua kwamba sehemu ngumu zaidi ni yale maneno machache. Wanafunzi wanaoweza kuchora pindo la kupendeza hukwama kwenye jina kwa siku kadhaa, kwa sababu hawajasoma mashairi wala hawajakaa na wanawake wanaozungumza kwa mafumbo. Hapo kozi ya fasihi ghafla inakuwa na maana.

Hesabu nayo ipo, ingawa wengi waliikimbilia sanaa ili kuikwepa. Mlango wa Zanzibar umejengwa juu ya ulinganifu na migawanyo. Chukua rula na bikari, uchore pambo moja la mwimo mpaka uweze kulirudia bila kutazama. Mshairi anayehesabu mizani nane kwa nane anafanya hesabu, na mpiga ngoma anayeweka mapigo matatu juu ya mawili anafanya sehemu. Anza na hesabu unayoifanya tayari bila kujua, ndipo ufungue kitabu.

Sayansi ya vifaa ndiyo inayolipa haraka. Rangi ya mafuta juu ya mbao nyembamba ya dari, katika unyevu wa pwani, ina tabia zake: mbao hujikunja, ukungu huingia nyuma. Mwanakemia wa chuo atakueleza kwa nusu saa kile ambacho ungejifunza kwa kupoteza michoro. Mchongaji naye anahitaji somo la misitu. Mpingo hukua polepole mno, hufikia umri wa kuvunwa baada ya miongo kadhaa, na gogo bichi likichongwa kwa haraka hupasuka. Nchini Kenya wachongaji walimaliza mihugu mpaka wakahamia kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua upesi. Anayejua haya huchagua gogo kwa akili, na mnunuzi akimuuliza mti umetoka wapi, ana jibu.

Kwenda kwa wazee

Kitabu kikifika mwisho, mtu anaanza. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu, kwa sababu wanakwenda na simu imewashwa na maswali kumi na tano yaliyochapwa. Siku ya kwanza nenda bila maswali. Piga hodi, amkia, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, eleza unachojifunza, kubali chai. Ukiruhusiwa kurudi, rudi na kitu mkononi. Mafundi wa zamani walipewa kilemba na mwanafunzi wao, na mzee anayekupa wimbo au ufundi naye anastahili heshima yake. Usijifiche nyuma ya neno "utafiti" ili usitoe chochote.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na uulize pia kuhusu kuonyesha, kwa sababu hayo ni mambo mawili. Kuna nyimbo za unyago ambazo bibi atakuimbia uelewe, naye hataki zipande jukwaani mbele ya wanaume. Ukiambiwa hivyo, umepewa mtihani wa maadili ulio hai kuliko wowote wa darasani. Jibu si lazima liwe kuacha kazi. Unaweza kutengeneza kitu juu ya ule ukimya wenyewe, juu ya mlango uliofungwa. Lakini wimbo wenyewe uuache ndani.

Kuandika juu ya kazi yako

Msanii anayesema kwamba kazi yake inajieleza yenyewe kwa kawaida ameshindwa kuandika. Maelezo mengi ya maonyesho hapa kwetu yanafanana: kazi hii inazungumzia changamoto za maisha na utajiri wa utamaduni wa Kiafrika. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa chini ya mchoro wowote, hata wa jirani yako.

Andika hivi badala yake. Mistari mitano ya kwanza eleza kinachoonekana tu, bila sifa yoyote: ukubwa, kifaa, rangi, vitu vilivyomo. Mistari mitatu inayofuata eleza ulichokipata na ulikipata wapi. Mstari wa mwisho acha swali ambalo bado linakusumbua. Kwa kazi ile ya mkonge ingekuwa: vipande thelathini vya nyuzi ghafi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, vimetundikwa kwa misumari katika safu tano, vinane vina matundu, kadi ya kibarua wa mkonge ilikuwa na nafasi thelathini na siku ya ugonjwa haikuhesabiwa. Msomaji keshaanza kusogea karibu na ukuta. Andika kwanza kwa Kiswahili hata kama chuo kinadai Kiingereza, kisha uandike upya kwa Kiingereza. Ukianza na Kiingereza cha vitabu vya nadharia, utajificha humo usionekane.

Ukiwa kwenye maandishi, soma pia sheria, kurasa chache tu. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ina ya 2001, na kote huko kazi nyingi hulindwa kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Jambo ambalo wanafunzi hawalijui ni kwamba kumuuzia mtu mchoro si kumuuzia haki ya kuuchapa kwenye fulana. Haki hiyo huhamishwa kwa maandishi. Hoteli ikitaka mchoro wako uwe nembo, huo ni mkataba mwingine na bei nyingine. Lipo somo la biashara hapo ambalo ulilipita ukisinzia.

Siku ya kutetea kazi

Walimu nao wana sehemu yao, na ni ndogo kuliko wanavyodhani. Si lazima mtaala ubadilike. Mwalimu wa studio aulize kila Jumatatu, "Wiki hii umesoma nini nje ya hapa, na kiko wapi kwenye kazi?" Mara moja kwa muhula amwalike mhadhiri wa historia au wa misitu akae kwenye ukosoaji wa kazi, aseme anachokiona. Watu hao huona makosa ambayo sisi wa sanaa tumeyazoea.

Kwa mwanafunzi, siku ya kutetea kazi ya mwisho, usilete kazi peke yake. Leta daftari lile la kurasa za kushoto na kulia, ukiwa umebandika vialamisho sehemu nne au tano ambapo jambo ulilolisoma liligeuka kuwa uamuzi wa mkono. Leta orodha fupi ya watu uliozungumza nao, wale tu waliokubali watajwe. Jiandae kwa swali ambalo jopo huliuliza karibu kila mara, kwa nini nyenzo hii na si nyingine, na ujibu kwa kuonyesha ukurasa. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujalisoma na uandike jina la kitabu watakachokutajia. Kabla ya kukabidhi, piga fotokopi ya daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu vyuo vingine hubaki na nakala halisi, na utalihitaji ukiomba nafasi ya kukaa na kufanya kazi katika kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space au penginepo ambapo hakuna atakayekuuliza alama zako za Stadi za Maendeleo.